Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: wakaguzi wasome tarehe ya tairi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mimi dereva wa matatu ya abiria 14, barabara ya Thika. Juzi, nikikaribia Roysambu gari likiwa limejaa, tairi ya mbele kushoto ilipasuka. Usukani ulinivuta upande huo huo. Niliushika kwa mikono miwili, sikukanyaga breki, mpaka gari likaishiwa mwendo lenyewe. Mama mmoja alivunjika mkono. Hadi leo usingizi hauniji.

Mheshimiwa, tairi ile haikuwa kipara. Meno yalikuwepo, na ndiyo maana ilipita ukaguzi: mkaguzi aliitazama, akaipiga teke, akatia sahihi. Ilipofunguliwa ndipo nikaona ubavuni nambari 1912. Maana yake ilitoka kiwandani wiki ya 19 ya mwaka 2012. Nambari ilikuwa upande wa ndani, huwezi kuiona mpaka uingize kichwa chini ya gari. Ubavu wote ulikuwa na nyufa kama visigino vya kiangazi, zimefichwa kwa dawa ile nyeusi ya kung'arisha.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto na hewa huukausha, maji yakipenya nyaya za ndani hushika kutu, na matabaka huachana ukiwa kwenye mwendo. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi ibadilishwe ikifika miaka 6. Sisi tunaiongezea jua, mashimo na abiria wa kupita kiasi.

Nadhani tatizo ni bei, na pia sidhani wakaguzi wetu wamefundishwa kuisoma nambari hiyo. Tairi hununuliwa na mwenye gari. Nikikataa kuendesha, kesho asubuhi usukani una mtu mwingine, na mimi nina kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Kenya gari la mtumba likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Mbona tairi linalobebea watu haliulizwi umri? Uingereza, tangu Februari 2021, tairi iliyopita miaka 10 hairuhusiwi magurudumu ya mbele ya basi wala lori. Na hapa kwetu, marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alipolazimisha mwaka 2004 kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo, tulifunga. Inawezekana, Mheshimiwa, mkitaka.

Kila ajali kubwa ikitokea mnatuahidi msako. Msako hupita, tairi ni zile zile. Ninachoomba ni kimoja: mkaguzi ainame na tochi, asome zile nambari nne, na matatu yenye tairi iliyozidi miaka 6 isipewe stika ya ukaguzi mpaka tairi hiyo ibadilishwe. Nambari nne tu. Agizo hilo litoe mwezi huu, tafadhali, kabla shule hazijafungwa na watu kuanza safari za mashambani.

Wako mtiifu,
Dereva wa matatu, Nairobi