Barua ya wazi kwa wanangu mnaoanza masomo ya uhazili

Wanangu,

Nawasalimu nyote mlioripoti mwaka huu kusomea uhazili, yaani kazi ya ukatibu wa ofisi, Tabora, Magogoni kule Dar es Salaam na kwingineko. Nawaandikia hasa wale mliosindikizwa na neno ninalolisikia kila matokeo yanapotoka: "Hakufaulu vizuri, basi akasome hata ukatibu." Hilo "hata" liacheni getini. Nimefanya ukatibu mahsusi zaidi ya miaka thelathini. Nilisoma Tabora, enzi hizo bado ni Chuo cha Uhazili, kabla ya mwaka 2000 kilipounganishwa na kituo cha mafunzo ya watumishi wa serikali cha Dar es Salaam na kuzaa Chuo cha Utumishi wa Umma. Nilishuka treni na sanduku la bati, nikidhani nakwenda kujifunza kupiga taipu.

Kumbe nilikuwa nakwenda kujifunza kupokea neno la mtu na kulifikisha lilivyo, kwa yule aliyekusudiwa, bila kupitia kwa mwingine. Katika miaka yote ile sikuona sehemu ya kazi hii isiyorudi hapo.

Hatimkato, ule uandishi wa alama fupi unaokimbizana na kasi ya msemaji, ndiyo inayowatisha, nalijua hilo. Mtaniambia simu inarekodi na kompyuta inaandika yenyewe, penseli ya nini? Kwanza, matangazo ya ajira za serikali yanataka stashahada ya uhazili pamoja na kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika. Cheo kimepata jina jipya, mtaitwa Waandishi Waendesha Ofisi, lakini maneno 100 yanawasubiri. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, hatimkato hufundisha sikio. Isaac Pitman, aliyeutoa mfumo wake Uingereza mwaka 1837, aliujenga juu ya sauti. Mstari mwembamba ni p. Ukandamize kidogo, unakuwa b. Ndivyo ilivyo kwa t na d, na kwa f na v. Basi kati ya "pata" na "bata", kati ya "toa" na "doa", pana uzito wa mkono tu. Ndiyo maana twatumia penseli laini, iliyochongwa, na nyingine kama hiyo pembeni. Mtu aliyeshinda miezi akitafuta tofauti ya p na b, hata akiweka penseli chini, anasikiliza tofauti na wengine. Kikaoni anajua nani kasema "tumekubali" na nani kasema "tutakubali".

Kuchapa bila kutazama vidole ni mazoezi, sina la kuongeza. Ila majina ya watu, tarehe na fedha someni mara mbili, na mara ya pili someni kwa sauti. Saa pia. Mgeni wa nje ukimwandikia kikao ni saa 3:00, atafika alasiri wakati wenzake walishamaliza asubuhi. Andika "saa 3:00 asubuhi", na kwenye kalenda ya kompyuta weka 9:00.

Sasa niwasimulie jambo ambalo bado linaniuma. Nilikuwa sijafika mbali kazini. Afisa mmoja alinikuta koridoni na majalada mkononi, akaomba la mirathi alilokuwa akilishughulikia. Nikampa, nikisema moyoni nitaandika kwenye daftari nikifika mezani. Nilipofika, simu ikalia, mkuu akaniita, nikasahau. Yule afisa akaenda likizo. Akaja mjane, mama wa makamo, kutoka kijijini, kuuliza habari za jalada la mumewe. Nikamjibu jalada halionekani, aje wiki ijayo. Akaja. Nikamjibu hivyo hivyo. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la mapokezi, akafungua fundo la kanga na kuhesabu sarafu, akazipanga gotini, akahesabu tena. Nauli ya kurudi haikutimia. Nikaenda chumba hadi chumba. Jalada lilikuwa kwenye droo ya yule afisa, chini ya kalenda ya mwaka uliopita. Halikuwa limepotea siku hata moja. Mstari mmoja ambao sikuuandika ulimgharimu mama yule safari mbili na sarafu zile.

Siku hizi mnayo e-Ofisi, na mfumo unaonyesha jalada liko kwa nani. Nashukuru sana. Lakini karatasi bado zinatembea mikononi, na mfumo haujui ulichompa mtu koridoni. Andika kwanza, ndipo utoe. Na ule usemi wa "jalada halionekani" msimwambie mwananchi kabla hamjasimama wenyewe mkaenda kulitafuta.

Siri mtafundishwa darasani. Mimi naongeza simu zenu. Barua ya uhamisho wa mtu ikipigwa picha mezani kwako, watu watamwonea huruma kwenye kundi la WhatsApp kabla yeye hajaisoma. Rasimu zilizokosewa zichaneni. Karanga zimefungwa sana kwa barua za ofisi.

La mwisho naliandika kwa mkono mzito. Yupo mkuu atakayedhani katibu ni sehemu ya fanicha zake, atakayetaka mwili wako kama sharti la cheo au la kuthibitishwa kazini. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa la jinai, kifungu cha 25. Namba ya TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, ni 113, haina malipo. Utakuwa umekula kiapo kutunza siri za ofisi. Uovu wa mtu haumo ndani ya kiapo hicho. Nilishuhudia binti mmoja hodari akiacha kazi kimya kimya kwa sababu hakuna aliyemwambia hivyo, nami nilikuwa meza ya pili.

Leo usiku, taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, chukueni daftari na penseli mbili. Andikeni dakika tano za mwanzo, mfunge daftari, mlale. Asubuhi kabla ya chai ndipo mchape mlichoandika, neno kwa neno. Palipo na shaka acheni wazi, msijaze kwa kubahatisha.

Mama yenu,
katibu mahsusi mstaafu