Barua kwa rafiki anayeumwa taya

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na pole kwa hayo yanayokusibu. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maumivu ya taya yaliyodumu kwa miezi si jambo la kupitia juu juu. Unasema kwamba upande wa kushoto unakuuma karibu kila siku, kwamba asubuhi mdomo hufunguka kwa shida, na kwamba umeshauriwa ung'oe gego la chini ingawa picha ya eksirei haikuonyesha tatizo lolote kwenye jino hilo. Kabla hujakubali, naomba unisikilize. Nimefanya kazi ya meno kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote ni kwamba mahali panapouma usoni si lazima pawe ndipo palipo na ugonjwa. Namna maumivu yanavyokwenda, yaani yanakuja saa ngapi, yanachochewa na nini na yanakaa kwa muda gani, hueleza mengi kuliko kidole cha mgonjwa kinachoonyesha pale anapoumwa.

Sababu ya utata huu iko kwenye neva. Karibu hisia zote za uso, zikiwemo za meno, fizi, mianya ya hewa iliyo kando ya pua na kiungo cha taya, hupelekwa kwenye ubongo na neva moja kubwa kwa kila upande, ambayo ni ya tano katika zile jozi 12 zinazotoka kichwani. Neva hiyo ina matawi matatu: moja la paji la uso na jicho, la pili la taya la juu, na la tatu la taya la chini, ambalo pia ndilo linaloiamuru misuli ya kutafuna. Kwa kuwa taarifa nyingi hupita njia moja, ubongo huweza kukosea chanzo, hata mtu akaapa kwamba jino linamuuma ilhali kilichochoka ni msuli wa shavuni. Nimewaona watu waliong'olewa jino lisilo na ugonjwa, kisha la jirani yake, na maumivu yakabaki palepale.

Nianze na kiungo chenyewe, kwa kuwa ndicho ninachokishuku zaidi katika maelezo yako. Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua na kufunga mdomo polepole. Utahisi kitu kikisogea chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kinachokaa ndani ya kishimo kwenye mfupa wa fuvu, na kati yao pana kisahani kigumu chenye kunyumbulika kinachozuia mifupa isisuguane. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa hicho huzunguka mahali pake, na unapozidi kupanuka huteleza kuelekea mbele pamoja na kisahani chake. Ikiwa kisahani kimesogea kutoka pale kinapostahili kukaa, taya hutoa mlio wa "tak" wakati wa kufungua, na mara nyingine tena wakati wa kufunga. Mlio peke yake, usioambatana na maumivu wala kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa, na watu wengi huishi nao hadi uzeeni. Jambo hubadilika pale mlio unapotoweka ghafla na mdomo ukakataa kufunguka kama zamani, kwani huenda kisahani kimekwama mbele na hakirudi tena mahali pake.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe mbele ya kioo. Mtu mzima kwa kawaida hufungua mdomo kiasi cha milimita 40 hadi 50, yaani vidole vyake vitatu vikipangwa wima huingia kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Jaribu bila kulazimisha, na utazame pia kama kidevu kinashuka wima au kinavutwa upande mmoja. Kikivutwa upande ule unaouma, daktari atapenda kulijua hilo.

Hata hivyo, kwa wengi chanzo si kiungo bali ni misuli. Ule mkubwa wa shavuni, na ule ulioenea kama kipepeo chenye bawa moja kwenye panja, ni misuli yenye nguvu za ajabu, na mtu anayesaga au kukaza meno usingizini huilazimisha kufanya kazi wakati inapostahili kupumzika. Ndiyo maana nimeshtuka kidogo niliposoma kwamba maumivu yako ni makali zaidi unapoamka: taya lililokuwa likifanya kazi usiku kucha huamka limechoka, ilhali la mtu anayekaza meno mchana, akiwa amezama kwenye hesabu au kwenye foleni ya magari, huzidi kuuma kadiri jioni inavyokaribia. Tazama ulimi wako pembeni kama una alama za meno, na ndani ya shavu kama pana mstari mweupe kwenye usawa wa meno yanapokutana. Kisha bonyeza msuli wa shavuni kwa vidole viwili huku umeuma meno. Kama kubonyeza huko kunayaamsha maumivu yaleyale unayoyalalamikia, hata yale ya gegoni, hiyo ni dalili nzito kuliko picha yoyote. Wasiwasi na mawazo huchangia, kahawa na pombe za usiku huchangia, na baadhi ya dawa za kutibu sonona zinajulikana kuleta tabia hii, kwa hiyo mtajie daktari kila kidonge unachokimeza. Shingo nayo isisahaulike, maana misuli yake ikikakamaa kwa kuinama saa nyingi huyapeleka maumivu juu hadi tayani.

Hayo hayamaanishi kwamba meno hayana hatia. Jino lililooza hadi kwenye kiini huuma kwa vitu vya moto au baridi, na maumivu hubaki kwa dakika kadhaa baada ya kinywaji kumezwa. Kiini kikishakufa na usaha ukakusanyika kwenye mzizi, jino huuma likiguswa na mtu huhisi limekuwa refu kuliko mengine. Gego la mwisho lililoota nusu huficha uchafu chini ya ufizi, likavimba na kuukaza mdomo usifunguke vizuri. Jino linalonisumbua kila mara ni lile lenye ufa, kwa sababu ufa mwembamba hauonekani kwenye eksirei, na mgonjwa huhisi mchomo mkali hasa anapoachia baada ya kuuma kitu kigumu. Ndiyo maana picha safi haitoshi kuliondolea jino shaka, lakini vilevile haitoshi kulihukumu. Jino hupimwa kwa baridi, kwa kugongwa taratibu, kwa kuuma kijiti cha kupimia, na likibaki na utata huweza kutiwa ganzi: ganzi ikiingia sawasawa na maumivu yasipungue, basi mtuhumiwa yuko mahali pengine.

Majirani wengine nitawapitia kwa haraka. Mianya ya hewa ya mashavuni ikivimba kwa mafua, meno kadhaa ya juu huuma kwa pamoja na uzito huongezeka mtu anapoinama. Sikio lenye maambukizi huuma hadi tayani, na taya lenye shida huuma hadi sikioni. Kijiwe kikiziba njia ya tezi ya mate, uvimbe chini ya taya hutokea wakati wa kula, au hata kwa harufu ya chakula tu, kisha hupungua baada ya saa moja au mbili. Matumbwitumbwi huvimbisha tezi za mbele ya masikio na huja na homa. Ugonjwa wa baridi yabisi huweza kukishambulia kiungo cha taya kama unavyoshambulia vidole, ingawa mara chache huanzia hapo.

Yapo maumivu ya neva yenyewe, na hayo yana sura ambayo ukishaisikia hutaisahau. Humpiga mtu upande mmoja wa uso kwa ukali wa shoti ya umeme, kwa sekunde chache au zisizozidi dakika mbili, yakaondoka, kisha yakarudi kwa kuguswa tu na upepo, maji ya kunawa uso, mswaki au kuongea. Huwapata zaidi waliopita umri wa miaka 50, na mara nyingi mshipa wa damu ndio unaoigandamiza neva karibu na ubongo. Vidonge vya kawaida vya maumivu haviyagusi, bali dawa kama kabamazepini huyapunguza kwa usimamizi wa daktari. Wewe unaeleza maumivu mazito ya saa nzima nzima, kwa hiyo sidhani kama ni haya.

Sasa nisome kwa makini zaidi, kwani yafuatayo hayasubiri miadi. Maumivu ya taya yanayokuja unapopanda ngazi au kutembea kwa kasi na kutulia unapopumzika, na hasa yakiambatana na kubanwa kifua, jasho jembamba, kichefuchefu au kuhema, huenda yanatoka kwenye moyo. Wanawake hasa huweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua ambayo kila mtu huyatarajia, wakahisi taya, mgongo na uchovu tu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ileile. Kwa aliyepita miaka 50, taya linalochoka na kuuma kwa kutafuna mpaka alazimike kuacha kutafuna, pamoja na maumivu mapya ya kichwa panjani, ngozi ya kichwa inayouma wakati wa kuchana nywele, au macho yanayofifia, ni dalili za kuvimba kwa mishipa ya damu ya kichwani, na kuchelewa kuanza dawa za steroidi kunaweza kumpofusha kabisa. Uvimbe wenye homa chini ya taya, unaoufanya ulimi uinuke na kumeza kuwe kwa shida, unaweza kuziba njia ya hewa. Taya linalokakamaa lenyewe siku kadhaa baada ya jeraha, kwa mtu ambaye chanjo yake haijakamilika, lifikiriwe kuwa pepopunda mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Yapo pia yasiyo ya dharura ya leo lakini yasiyopaswa kufika mwezi ujao: kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, donge, jino linalolegea bila sababu, au ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu. Hizo huweza kuwa dalili za saratani. Na aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa na shingo, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, aseme kabla ya kung'oa jino, kwa kuwa mfupa wake wa taya unaweza kushindwa kupona.

Kwako wewe, ikiwa hakuna dalili yoyote kati ya hizo nzito, ningeanza na mambo mepesi kwa wiki chache. Kula vyakula laini vilivyokatwa vidogo, acha chingamu kabisa, usilale kifudifudi wala usiegemeze kidevu mkononi, na unapopiga miayo kiwekee kidevu ngumi kwa chini ili kisishuke mno. Kitambaa chenye joto la kuvumilika kwenye shavu huisaidia misuli. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane, ulimi ukipumzika nyuma ya meno ya juu. Ukijikuta umeuma meno, achia bila kujikasirikia. Dawa ya maumivu, kama tumbo, figo na presha yako vinaruhusu, iwe ya muda mfupi. Kinga ya plastiki ya kuvaliwa usiku hulinda meno na huwapa baadhi ya watu nafuu, japo si tiba ya kila mmoja, na mazoezi ya taya kutoka kwa mtaalamu wa viungo yanastahili kujaribiwa. Ninachokikataa waziwazi ni kukimbilia yale yasiyoweza kurudishwa, kama kusagwa meno ili "yakutane vizuri" au kupasuliwa kiungo, wakati watu wengi hupata nafuu bila hayo.

Nenda kwa daktari mwingine wa meno, na kabla ya kwenda andika kwenye karatasi saa yanapoanza maumivu, ulichokuwa ukifanya, na kilichoyatuliza. Mwambie akupime misuli na kiungo kwa vidole, si jino peke yake, na akikwambia bado ling'olewe, muulize ni kipimo gani kilichomthibitishia. Jibu atakalokupa niandikie kama lilivyo, pamoja na majina ya dawa unazozitumia, ambazo katika barua yako hukuzitaja hata moja.

Wasalaam,
Ni mimi rafiki yako akupendaye.