Baba Mkubwa, nani aliulizwa?

Baba Mkubwa, shikamoo.

Najua utaisoma barua hii. Watoto watakuonyesha hata ukisema hutaki, na utaifikisha mwisho, maana hujawahi kuacha gazeti katikati. Naiweka hadharani kwa sababu na wewe ulisema hadharani kwamba ukoo usio na mfalme husambaa, mbele ya watu waliokuja kutupa pole ya msiba wa Bibi, na tangu siku ile nikipiga simu unampa Mama Mkubwa aongee.

Hoja yako naijua kwa moyo. Nimekua nayo pembeni ya ile redio yako. Rais ni wa chama chake, mfalme ni wa wote. Rais anawaza uchaguzi ujao, mfalme anawaza wajukuu. Halafu unaanza kuzihesabu nchi kwa vidole: Norwei, Uswidi, Denmark, Uholanzi, Japani. Zimetulia, zina fedha, na zina mataji. Nilikuwa nakusikiliza kwa raha, na hadi leo sijakutana na mtu anayesimulia historia kama wewe. Ila nilipokua nikaanza kusoma mwenyewe, na hapo ndipo tulipoanza kukosana.

Nchi hizo hazikutulia kwa sababu ya wafalme. Wafalme wake wamebaki kwa sababu walikubali kuachia. Katiba ya Uswidi ya mwaka 1974 ilimwondolea mfalme hata kazi ya kupendekeza waziri mkuu, ikampa Spika wa Bunge. Mfalme wa Uswidi leo hatii saini sheria yoyote. Waliong'ang'ania mamlaka tunajua walikoishia: Urusi mwaka 1917, Ethiopia 1974, Iran 1979. Na Iceland, iliyoachana na mfalme wa Denmark mwaka 1944, je, imekosa utulivu gani? Ufini? Uswisi? Hukuwahi kunijibu hapo. Ulikuwa unahamia Hispania.

Hispania ndiyo ilikuwa silaha yako. Tarehe 23 Februari 1981, Luteni Kanali Tejero anaingia bungeni na bastola, wabunge wanalala chini ya viti, na usiku wa manane Mfalme Juan Carlos anatokea kwenye runinga akiwa na sare za kijeshi, anawaamuru askari warudi kambini. Mapinduzi yakafa. Kweli kabisa, na mimi kila ukiisimulia nilikuwa nasisimka. Lakini mfalme huyohuyo ndiye aliyekwenda kuwinda tembo Botswana mwaka 2012, wakati vijana wa nchi yake hawana kazi. Mwaka 2014 akaachia kiti, na mwaka 2020, akiandamwa na maswali kuhusu fedha zake, akahamia Abu Dhabi. Mwanawe Felipe alikuwa ameshatangaza kwamba anaukataa urithi wa baba yake. Mtu mmoja, Baba Mkubwa. Ile nusu ya kwanza ya maisha yake ilikuwa bahati ya Wahispania, na bahati si mpango wa nchi. Rais akiharibika unamtoa kwa kura. Mfalme akiharibika unasubiri aone aibu mwenyewe.

Na asipoiona? Kila nilipotaja Eswatini ulikuwa unaniambia nisichanganye mambo. Sichanganyi. Mwaka 1973 Mfalme Sobhuza wa Pili aliitupa katiba na kupiga marufuku vyama vya siasa. Mwanawe, Mswati wa Tatu, yuko kwenye kiti tangu 1986, na waziri mkuu bado anateuliwa na yeye. Mwaka 2021 vijana walitoka barabarani wakidai wamchague waziri mkuu wao wenyewe, wakapigwa risasi, makumi wakafa. Wale nao walikuwa na mfalme wa wote.

Habari ya gharama naipita haraka, maana hapo hatujawahi kugombana sana. Unasema mfalme analeta watalii. Mimi nasema kasri la Versailles linajaa watu kila mwaka na Ufaransa haina mfalme. Tuiache hiyo.

Ninachotaka unielewe ni hiki, na sijawahi kupata nafasi ya kukisema bila wewe kuinuka. Mimi si adui wa taji. Nimesoma habari za mjukuu wa mfalme wa Denmark ambaye Wanorwei walimwita mwaka 1905 awe mfalme wao. Bunge lilikuwa tayari kumpa. Akasema hapana, kwanza waulizeni wananchi kama wanataka ufalme. Wakapiga kura, wengi sana wakasema ndiyo, ndipo akaja, akaitwa Haakon wa Saba. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia nchi na kumtaka amteue Quisling, Mnorwei aliyekuwa upande wao, kuongoza serikali, aliwaambia mawaziri wake kwamba wakiamua kukubali, wakubali, lakini yeye atavua taji kabla ya kutia saini. Mfalme wa namna hiyo hata mimi namsimamia, na sioni ajabu kwamba aliwahi kuuliza kabla ya kukaa.

Mwaka 1999 Waaustralia waliulizwa kama wanataka kuachana na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Asilimia karibu 55 wakasema abaki. Sina ugomvi nao. Mwaka 1946 Waitalia waliulizwa, asilimia 54 hivi wakasema mfalme wao aondoke, akaondoka. Sina ugomvi nao pia. Na hata Buganda unayoipenda: falme zilifutwa Uganda mwaka 1967, zikarudi mwaka 1993, na katiba ya nchi inasema hakuna atakayelazimishwa kumtii kiongozi wa jadi wala kuchangia gharama zake. Anayempenda Kabaka anampenda kwa hiari yake. Hapo naona faida ya kweli, faida ambayo hakuna wizara inayoweza kuileta: watu kujiona wana mzee mmoja, lugha moja, kumbukumbu moja. Lakini wamempenda wakiwa na ruhusa ya kutompenda.

Sasa nirudi siku ile.

Runinga ilikuwa imewashwa, tarehe 19 Septemba 2022. Malkia Elizabeth anapelekwa kuzikwa, mabaharia wanavuta jeneza kwa kamba. Bibi alikuwa ametutangulia majuzi tu, nyumba bado imejaa watu. Ukatuambia tunyamaze. Ukasema tazameni wenzetu, Malkia amekata roho na dakika hiyohiyo mfalme yupo, hakuna kugombana, hakuna kuulizana, kila mtu anajua nani anafuata. Halafu ukatoa funguo za nyumba ya Bibi mfukoni, ukamkabidhi mwanao wa kwanza mbele ya wote. Ukasema: ukoo usio na mfalme husambaa, na sisi huyu ndiye wetu.

Dada alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Huyo dada aliyekuwa akimgeuza Bibi kitandani usiku, aliyejua dawa ipi inatangulia ipi, aliyeacha kazi ili Bibi asife peke yake huku wengine tunatuma salamu. Aliweka sinia chini, akatoka. Hukumtazama.

Ndipo nikauliza: nani amemuuliza dada? Sikupaza sauti, na waliokuwepo wanajua. Na wewe, mbele ya watu, ukanikumbusha karo uliyonilipia.

Karo ile sijaisahau, Baba Mkubwa. Bila wewe nisingeandika hata sentensi hii. Lakini ulinisomesha ili iweje? Kama ulitaka mtu wa kuitikia tu, ungeniacha nyumbani. Ulininunulia vitabu, ukanifundisha kubishana, ukawa unacheka kwa fahari nikikushinda hoja mbele ya wageni. Siku niliyokushinda kwa jambo la nyumbani, nikawa sina adabu.

Nikushauri kama mwanao. Usimtwishe yule kijana mzigo huu. Aliinamisha kichwa ulipompa zile funguo, mimi nilimwona. Ni mtu mwema, hajawahi kuomba kuwa mkubwa wa mtu yeyote, na nina hakika ungemuuliza angekuambia mwenye haki ya kuamua mambo ya nyumba ile ni nani. Japani wanahangaika na jambo hilihili. Sheria yao inasema kiti ni cha wanaume tu, na Mfalme Naruhito ana mtoto mmoja, naye ni binti, kwa hiyo hahesabiwi. Historia yao yenyewe imewahi kuwa na wanawake wanane kwenye kiti kile! Uswidi walibadilisha sheria: tarehe 1 Januari 1980 mtoto wa kiume aliyekuwa mrithi akiwa bado mchanga aliwekwa kando, cheo kikaenda kwa dada yake mkubwa, Victoria. Baba yao hakufurahi na alisema hivyo. Bunge halikumsubiri afurahi. Kama mfalme mzima anaweza kubadilishiwa na nchi ikaendelea, sisi tunashindwaje?

Watu wa ukoo wananiambia ningesubiri watu waondoke ndipo niseme. Nimelifikiria sana hilo na bado nasema hapana. Funguo zilitolewa mbele ya watu. Kama ningesubiri, lingekuwa limeshakuwa desturi, na desturi ndiyo kitu chako cha kwanza kujifunika nacho. Niliuliza wakati pekee ambao swali lilikuwa na maana. Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa kuamuliwa, wewe unajua kuliko mimi. Ulikuwa unamwogopa!

Mwambie Mama Mkubwa zile dawa za kifua nimezipata, nitamtumia na mtu anayekuja wiki ijayo, asianze kutumia zile za zamani.

Na kuhusu redio, mlio wake umeanza kukwaruza kwa sababu ya waya wa nyuma. Usiruhusu fundi aifungue yote.

Sikuombi unisamehe, na wewe sikuombi uniombe msamaha. Kaa na mwanao mkubwa, mkae na sisi wengine, kila mtu aseme anamtaka nani asimamie nyumba ya Bibi. Wakimtaja mwanao, nitamshika mkono na sitalisema tena jambo hili hapa wala popote. Ila kabla ya kikao hicho mpigie dada simu wewe mwenyewe, usinitume mimi wala mtu mwingine. Namba yake ni ileile, na jioni huwa anapokea.