Kompyuta Isitangazwe Kufa Kabla ya Pawasaplai Kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na mafundi wa kompyuta wa Kisumu na miji jirani, pamoja na sisi wateja wao, kuhusu hasara ambayo ingezuilika kwa mita ya kupimia volti na dakika kumi za subira.

Nina duka la kupiga chapa na kutoa nakala hapa Kondele. Wakati wa mvua za masika, jioni moja ya radi, umeme ulipotea, ukarudi, ukapotea tena, kisha ukarudi kwa nguvu hata taa zikang'aa kuliko kawaida. Kesho yake asubuhi kompyuta ya mezani ninayoitegemea haikutoa hata mlio. Fundi niliyemwita alibonyeza kitufe mara mbili, akanusa nyuma ya kasha, akasema bodi mama, yaani ile sahani kubwa inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, imeungua. Sikuwa na la kumpinga. Nililipa shilingi 7,000 za bodi iliyotumika na kazi ya kuifunga, kompyuta ikabaki kimya vilevile, naye akasema basi huenda ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kwa siku tatu vijana walikuja na barua zao za kuomba kazi nikawa nawaelekeza kwa jirani.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu wa ufundi wa umeme ambaye huniletea mitihani nimchapie. Hakuanza na bodi. Alichomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ili ajue kama umeme umefika, akafungua plagi ya miguu mitatu na kupima fyuzi yake, akatazama kama swichi ndogo iliyo nyuma ya kompyuta imewashwa. Ndipo akafungua kasha, na huku kompyuta imechomekwa ukutani lakini haijawashwa, akaingiza ncha nyekundu ya mita nyuma ya waya wa zambarau kwenye ile plagi kubwa ya matundu 24, na ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa zambarau hutakiwa kuwa na volti 5 wakati wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa sababu umeme huo ndio unaoiwezesha bodi kusikia kitufe kinapobonyezwa. Mita ilisoma sifuri. "Mama," akaniambia, "hii bodi umeilaumu bure. Haijapewa chakula."

Pawasaplai, yaani lile sanduku la chuma linalopokea volti 240 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti ndogo ambazo kompyuta inaweza kuzitumia, ndiyo inayokutana na umeme wa nje kabla ya kifaa kingine chochote ndani ya kasha. Katika eneo hili letu la ziwa, ambako radi za jioni si jambo la ajabu, ingekuwa busara iwe ya kwanza kushukiwa. Badala yake hukumu huangukia bodi, pengine kwa sababu ndiyo yenye bei.

Mwalimu alinieleza pia kwamba kipimo hakiishii kwenye waya wa zambarau. Ukiwa na volti 5, pawasaplai hung'olewa kutoka kwenye bodi, kisha waya wa kijani huunganishwa na mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Ikiwa nzima, feni yake huzunguka. Hapa ndipo mafundi wengi huishia, na hapa ndipo naomba wasiishie. Feni kuzunguka si ushahidi wa afya, kwani pawasaplai iliyochoka inaweza kuzungusha feni vizuri sana na bado ikashindwa kubeba mzigo, ndiyo maana kuna kompyuta zinazowaka kisha kujizima kila zinapopewa kazi nzito. Ipimwe ikiwa imebeba mzigo: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa machungwa ukaribie 3.3. Kinyume chake nacho hutokea, kwamba pawasaplai nzima hujizima yenyewe kujilinda kwa sababu diski au bodi ina shoti, kwa hiyo vifaa vichomolewe kimoja kimoja mpaka mkorofi ajulikane. Na kwa kuwa baadhi ya kampuni hutumia plagi na rangi zao wenyewe, kibandiko kilicho ubavuni mwa pawasaplai kisomwe kabla ya rangi kuaminiwa.

Kwa wasomaji wenye ari ya kujaribu nyumbani, nawasihi wasifungue sanduku lenyewe la pawasaplai. Kapasita kubwa iliyo ndani, yaani kifaa kinachotunza umeme, inaweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaua. Mtu anaweza kuchungulia kupitia matundu ya hewa aone kama kuna kapasita iliyovimba kichwa, lakini bisibisi ibaki mezani.

Pawasaplai nyingine ilinigharimu shilingi 2,800, na kompyuta ikawaka papo hapo. Bodi yangu ya zamani fundi alikuwa ameondoka nayo akiiita taka, kwa hiyo sitajua kamwe kama ilikuwa na kosa lolote.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba wapime mbele ya mteja, waandike kwenye risiti volti walizozisoma, na wamrudishie kila kifaa walichokitoa. Wateja wenzangu nao waulize mita ilisoma nini kabla ya kutoa pesa. Ile pawasaplai iliyokufa bado ninayo kwenye rafu, nimeibandika karatasi yenye kipimo chake, na fundi kijana yeyote anayetaka kujifunza kwa mkono wake anakaribishwa kuja kuipima.

Mwenye duka la kupiga chapa,
Kondele, Kisumu