Usimlete Mama mwezi wa nane

Roma, 19 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi, na Mama yako mfikishie shikamoo yangu. Sisi wazima, Alhamdulillahi. Tangu Idd sijakuandikia, nisamehe. Ila ujumbe wako kwamba mnakata tiketi za Agosti umeninyima usingizi, ndiyo nimekaa kukuandikia. Usilipe kwanza, tafadhali. Nisome mpaka mwisho.

Shangazi wa Pongwe yuko kwangu wiki ya pili sasa. Jumamosi nikasema nimtembeze mjini. Tulitoka nyumbani saa nne asubuhi, na kosa langu lilianzia hapo, maana saa nne hapa mwezi huu jua limeshapanda zamani. Linachomoza kabla ya saa kumi na mbili na kuzama saa tatu kasorobo usiku. Hebu fikiria mawe yanapikwa saa ngapi.

Colosseum, ule uwanja wa michezo wa Warumi wa kale, ilimfurahisha. Akaniuliza watu walikaaje humo juani kutwa nzima. Nikamwambia Warumi walitandaza matanga juu ya watazamaji, na waliokuwa wakiyavuta kamba ni mabaharia. Mwanaidi, alicheka mpaka watu wakageuka! "Kumbe bila watu wa pwani wangeungua!" Wewe unamjua.

Tukashuka Foro, palipokuwa na mahekalu na mabaraza yao. Pale hapana kivuli cha kutosha hata kuku. Vumbi jeupe, marumaru inakurudishia mwanga machoni, upepo hakuna. Joto lilikuwa nyuzi 37. Najua utaniambia sisi tumezaliwa Tanga, joto tunalijua. Nami nilidhani hivyo. Lakini joto la kwetu lina bahari ubavuni, na jasho unaliona likitiririka. Hapa linakauka kabla hujalihisi, unadhani uko salama kumbe maji yanakuisha mwilini. Shangazi akanyamaza. Shangazi, kunyamaza! Nilipogeuka nikamkuta amekaa juu ya jiwe, midomo imekauka, ananiita kwa jina la marehemu mama yangu.

Sijawahi kuogopa vile.

Bibi mmoja wa Kiitaliano alituona, akanisaidia kumshika mkono hadi kwenye bomba la maji. Mji huu una mabomba ya chuma njiani, kama 2,500 hivi, yalianza kuwekwa mwaka 1874. Wanayaita nasoni, yaani pua kubwa, kwa jinsi mdomo wake ulivyopinda. Maji yanatoka usiku na mchana, baridi, safi, bure. Ukiziba mdomo kwa kidole yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kikombe. Nikailowesha kanga yake, nikamfunika kichwa na shingo, akanywa kidogo kidogo. Baada ya nusu saa akauliza tutakula nini, nikajua amerudi.

Jioni, alipokwisha kupumzika, tulipita Pantheon, hekalu lao la kale. Kuba lake lina tundu katikati, upana kama mita tisa, halina kioo wala pazia. Mvua ikinyesha inaingia ndani na kutokea kwenye vitundu vya sakafuni. Mama angekaa pale saa nzima akitazama juu.

Na kuna mahali ninapotaka kumpeleka yeye hasa. Unakumbuka alivyotuchorea vita vya Adua ubaoni, Menelik wa Uhabeshi na Waitaliano, 1896? Karibu na kituo cha Circo Massimo, mbele ya jengo la FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, palisimama ule mnara wa jiwe wa Aksum, mita 24, walioutwaa Uhabeshi mwaka 1937. Ukarudishwa kwao 2005, na 2008 ukasimamishwa tena. Leo hapo haupo, na mimi kila nikipita namkumbuka Mama na chaki yake. Nataka afike pale kwa miguu yake mwenyewe, asifike amebebwa.

Ndiyo maana nakuomba Oktoba. Joto huwa limeshuka hadi ishirini na kitu, mvua ipo ila mwavuli unatosha. Agosti wenyeji wenyewe wanaukimbia mji, na ikifika tarehe 15 maduka mengi ya mtaani yamefungwa. Kama ruhusa ya kazini haibadiliki, basi tutatoka saa moja asubuhi, saa tano tuwe ndani, tulale, tutoke tena saa kumi na mbili jioni. Foro hatutamshusha kabisa. Na mje na kanga nyingi, zitamfaa kichwani, na makanisani wanataka mabega yafunikwe.

Lakini Oktoba, Mwanaidi. Nakuomba.

Niambie: ile dawa ya presha inayomkojoza sana bado anakunywa? Muulize daktari wake kuhusu joto kabla ya lolote, maana inapunguza maji mwilini. Magoti yake je, ngazi anapanda? Tiketi inaweza kusogezwa bila faini? Kaka yako anakuja nanyi au ameghairi tena? Na Mama mwenyewe anasemaje, au hujamuuliza? Nipigie hata usiku wa manane, sijalala.

Shoga yako,
Rukia