Kwa mama wa koti la njano

Mama, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mimi ni yule uliyenisikia nikilalama kwa Kiswahili pale Lake District, Uingereza, kwenye mbio za milimani za kupokezana. Zipu ya koti langu la mvua ilikatika zamu yangu ikiwa imekaribia. Wakaguzi wa vifaa hawana utani: koti na suruali za mvua, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi, chakula cha akiba. Kimoja kikikosekana, huendi.

Na timu ni watu sita. Wa kwanza kashamaliza, wawili bado wako juu kwenye ukungu, mimi na mwenzangu tunangoja kuwapokea, wa mwisho anapasha misuli. Ningewatazamaje?

Ukavua lako. "Shika mwanangu, kimbia." Basi! Ukabaki na sweta, na upepo ule.

Zamu yetu ndiyo ile ya tatu, isiyo na alama njiani. Ramani ya vituo mnakabidhiwa mkishaanza, mnajitafutia wenyewe. Tulipotea mara moja (kosa langu, dira niliishika kichwa chini), lakini tulifika. Niliporudi kukutafuta, hukuwepo.

Koti nimelifua, liko kwangu. Mwulize yeyote wa klabu yetu, wananijua: Mswahili ni mmoja tu. Mfukoni kulikuwa na kipande cha keki ya tangawizi. Hicho, mama, nisamehe. Nilikila mlimani.