Kwa mdogo wangu wa Chake, Pemba, aliyekabidhiwa vikao

Assalaam alaykum, mdogo wangu.

Ama baada ya salamu, nimesikia vikao vya mradi wenu wa programu ya ramani sasa viko mikononi mwako, na swali lako la kwanza lilikuwa ni chumba gani cha mtandaoni kinafaa. Chochote. Jitsi inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu, nayo ni programu huria kama yenu, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, basi imetosha. Swali ninalolitaka kwako ni jingine: nani hatakuja, na kipi kitamzuia? Nakuandikia waziwazi badala ya kukupigia simu kwa sababu wenzako wa Unguja na Dar wana vikao vyao pia, na wanalia kilio kimoja, kwamba kila mwezi ni watu walewale.

Sisi Wazanzibari tukitaka kusifu ukarimu wetu tunataja baraza, pale nje watu wanapoketi na kuzungumza. Mtu apite Jaws Corner pale Mji Mkongwe atoe salamu, watu watasogea, atapata pa kukaa. Ni kweli na ni uzuri. Lakini mimi baraza naliona kwa kupita njia tu, nikiwa na mkoba wangu wa sokoni, na huko njiani ndiko mtu anapoona kwamba linamkarimu anayejulikana. Mwanamke haketi pale. Mgeni naye anaketi, ila mzaha unapita juu ya kichwa chake, maana hajui nani kachekwa wala kwa lipi. Vikao vingi vya programu huria, hapa na Ulaya, viko hivyo hivyo. Waliomo wanapendana kweli, na mapenzi yao ndiyo yanayowafanya wasimwone aliye pembeni. Kwa hiyo maneno matamu ya ufunguzi usiyategemee. Kazi ya kukaribisha watu huisha kabla kikao hakijafunguliwa, au haifanyiki.

Anza na saa. Mna wenzenu Ujerumani, na kikao kimefungwa kwenye saa tisa mchana ya Berlin. Wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Basi kikao ambacho wakati wa joto lao kinaanza saa 10 jioni kwetu, watu wameshaswali alasiri, ikifika Novemba kinaanza saa 11, na kikichelewa kidogo tu kinaingia kwenye magharibi. Mwenye swala yake ataondoka kimya, na mwisho wa mwaka mtu ataandika kwamba ushiriki wa Pemba umepungua. Kifunge kwenye saa 13:00 ya UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa, ambayo kwetu ni saa 10 jioni mwaka mzima, na wao ndio wahame. Wameshazoea kuhama. Kwenye mwaliko andika zote mbili, saa 10 jioni na 16:00, kwa sababu wapo wanaosoma saa ya simu bila kuigeuza.

Ramadhani ni habari nyingine. Baada ya isha ni tarawehe, na saa 10 jioni dada zako wako jikoni na futari. Mwezi huo kikao kiwe asubuhi, au kisiwepo kabisa, muandikiane tu. Cha ana kwa ana hapo Chake kiwe Jumamosi asubuhi. Ukikiweka jioni, wa Wete na wa Mkoani watakuwa wanahesabu daladala badala ya kukusikiliza, na wasichana hawatakuja.

Kamera usimlazimishe mtu. Kwanza picha inakula bando mara nyingi zaidi ya sauti. Pili, dada yuko kwake, hana mtandio kichwani, watoto wanapita nyuma yake. Ukisema "washeni kamera tuonane" umeshamtoa, na hatakwambia kwa nini.

Mlango ufungue robo saa mapema. Salamu zetu ni ndefu na mimi sitaki uzifupishe, ila zifanyike humo, ili saa ya kikao ikigonga mtu aliyekuja kwa ajili ya kazi aikute kazi. Wageni wakijitambulisha, jina na mahali wanapotoka panatosha. Ukiwauliza elimu na uzoefu, aliyejifunza mwenyewe kwa simu ya mkopo atajiona mdogo kabla hajasema lolote. Na awepo mtu mmoja, si wewe, ambaye kazi yake ni kumwandikia mgeni pembeni: hapa tunazungumzia hitilafu fulani, imeanza wiki iliyopita, isome hapa.

Lugha sasa, na hapa nitakuwa mkali. Nimeona kikao cha Waswahili watupu kinageuka Kiingereza kizima dakika anayoingia Mjerumani mmoja, na wanafunzi waliokuwa wakibishana kwa raha wanageuka wasikilizaji. Mjerumani mwenyewe hakuomba. Endesheni kwa Kiswahili, mmoja aandike muhtasari wa Kiingereza papo hapo kwenye ukurasa wa pamoja, na mgeni aulize anachotaka kwa lugha yake. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Lililo gumu zaidi ni wakubwa. Kwetu mkubwa akishasema, nani atamkatiza? Ukimpa mhandisi wenu mkongwe nafasi ya kwanza, kwa heshima kabisa, umefunga mjadala. Mpe ya mwisho, na umwambie mapema kwa faragha kwamba unampa ya mwisho kwa sababu neno lake ni zito. Anza na aliye mchanga. Visiwa hivi vilipoanza kupigwa picha kwa droni mwaka 2016 ili ramani mpya ipatikane, wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwemo kazini. Kwa hiyo kijana mliyemketisha mwisho wa benchi pengine ndiye anayejua mahali programu yenu inapokwama juani, kwenye kichaka, betri ikiwa chini. Ukiuliza swali, nyamaza. Usijijibu. Kimya cha mtandaoni kinatisha, lakini mtu mwenye haya anahitaji muda wa kupanga sentensi yake na kuiwasha maiki.

Halafu kuna maamuzi, na hapa ndipo vikao vizuri vinapoharibu mradi. Mkifurahi, mkakubaliana, mkapitisha, yule ambaye umeme ulikatika kwao Kengeja anaamka akikuta jambo limekwisha. Anayedhani umeme ni kisingizio hakuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme. Shirika la Apache, linalolea miradi mingi ya programu huria na lililosajiliwa mwaka 1999, lina desturi ninayoipenda: maamuzi yanafanywa kwa maandishi, na kura kwa kawaida huachwa wazi angalau saa 72 ili mtu wa pembe yoyote ya dunia apate kushiriki. Linux nayo, mfumo endeshi ulio huria, ilitangazwa mwaka 1991 kwa ujumbe wa maandishi wa mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na hadi leo sehemu kubwa ya kazi yake hupita kwa barua pepe. Kikao kijadili, kipendekeze, kisha pendekezo liandikwe na lisubiri siku tatu. Kumbukumbu zitoke siku hiyohiyo, zikiwa zimeandika na hoja iliyoshindwa, maana mwenye hoja hiyo akijiona humo atarudi.

Kanuni za mwenendo mnazo, nadhani. Kama hamna, Contributor Covenant, kanuni zilizokwisha andikwa kwa miradi kama yenu, ipo tangu 2014 na Linux yenyewe iliichukua mwaka 2018, itafsirini, muiweke. Ila aliyeudhiwa awe na watu wawili wa kumwendea, mmoja mwanamke, na wote wawili wasiwe wewe.

Kesho yake, yaani siku baada ya kikao, ndiyo siku ya mgeni. Mwandikie kwa jina lake, umpe kazi moja ndogo yenye mwanzo na mwisho: kijiji ambacho jina lake limekosewa, kitufe kisichotafsiriwa. Kazi nyepesi kama hizo waachieni wageni, msizimalize wenyewe kwa dakika tano kwa sababu mnaziweza. Na akileta marekebisho yake ya kwanza, ajibiwe ndani ya siku mbili hata kama jibu ni "nimeiona, nitaisoma Jumapili". Wengi hawapotei kikaoni. Wanapotea hapo, wakisubiri.

Ajenda ya kikao chako cha kwanza nitumie kabla hujaitangaza. Nitaisoma kama mtu asiyemjua yeyote, na kila neno nisilolielewa nitalipigia mstari, usinune.

Mama anakusalimu na anaulizia halua yake.

Wasalaam,
Dada yako, Unguja